Bunduki Moja, Makundi Mawili: Kisa cha .375 Iliyoyumba Kambini

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika kitalu cha uwindaji wa kitalii magharibi mwa Tanzania, kwenye pori la miombo, kiangazi kikiwa kimekolea. Majina ya kitalu, kampuni, mgeni na wafanyakazi nimeyaondoa, na mambo machache yasiyogusa chanzo cha tatizo nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Nawaandikia hasa vijana wanaojifunza kazi ya mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori wanaofuatana na wageni. Lakini yeyote mwenye bunduki ya darubini ambayo leo inapiga vizuri na kesho haieleweki, atajikuta humu.

Mgeni alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka sitini, mwindaji wa siku nyingi kwao Ulaya, ila nyati alikuwa hajawahi kumwinda. Alikuja na bunduki yake mwenyewe: ya bolti, yaani komeo la chuma nyuma ya mtutu linalovutwa kwa mkono baada ya kila risasi, ya mfumo wa Mauser, kitako cha mti wa mjozi, caliba (kipenyo cha risasi kwa inchi) .375 H&H Magnum. Risasi hiyo ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912 na mpaka leo haijazeeka. Kwa Tanzania, .375 ndiyo caliba ndogo kabisa inayoruhusiwa kwa wanyama hatari kama nyati na tembo. Kichwa cha risasi cha greni 300, yaani gramu 19 na ushee, hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde, na kinachobaki nyuma ni teke zito linalotua begani mwa mpigaji na kwenye kila skrubu iliyofungwa juu ya bunduki.

Hapo pa skrubu tukae kidogo, maana ndipo kisa kilipo. Darubini ya mgeni ilikuwa ya kukuza mara moja na nusu hadi mara sita, uzito wake karibu nusu kilo. Ilishikwa na pete mbili. Kila pete ilikaa juu ya kikalio chake cha chuma, na kila kikalio kilifungwa kwenye mwili wa bunduki kwa skrubu mbili za kipimo cha 6-48, ambazo unene wake ni milimita tatu na nusu tu. Skrubu za pete unaziona na kuzigusa wakati wowote. Za vikalio zimejificha chini ya darubini, na huwezi kuzifikia mpaka uivue.

Mambo yalivyokwenda

Siku ya kuwasili, mgeni alipiga risasi tatu kutoka mezani, bunduki imelala juu ya viroba vya mchanga, kwenye karatasi iliyokuwa umbali wa mita 50. Zote tatu zilikaa ndani ya sentimita tatu. Mwindaji bingwa wake, mwenzangu wa miaka mingi, aliridhika. Mimi nilikuwa kambi hiyohiyo nikisubiri mgeni mwingine.

Kesho yake walimwona kongoni kwenye ukingo wa mbuga, umbali wa mita 130 hivi. Mgeni aliegemeza bunduki kwenye miti mitatu, zile fito za kuegemezea zinazofungwa pamoja juu, akatulia, akapiga. Mnyama alijikunja na kukimbia. Askari wa wanyamapori aliyekuwa anatazama kwa darubini ya mkono alisema papo hapo kwamba risasi imeingia nyuma sana, tumboni. Waliufuata mchirizi wa damu mchana kutwa, damu ikikatika na kuanza tena, na jua lilikuwa linaelekea kuzama walipomfikia na kummaliza. Kwa utaratibu wa uwindaji wetu, mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kwamba amewindwa, na mgeni hulipa. Lakini pesa ni jambo dogo hapo. Mnyama yule aliteseka kutwa nzima, na yeyote aliyekuwepo hakupenda alichokiona.

Mgeni alijilaumu mwenyewe. Alisema alivuta kifyatuo kwa pupa. Mwenzangu hakubisha, ila alitaka kuhakikisha, kwa hiyo jua likiwa linazama waliweka karatasi mita 100. Risasi mbili za kwanza zilikwenda kushoto na juu. Mwenzangu akageuza vifundo vya darubini, kliki kumi na mbili kulia na kadhaa chini. Darubini ile ilikuwa ya robo ya dakika ya pembe kwa kliki, maana yake kila kliki husogeza pigo kwa takriban milimita saba kwa mita 100. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Risasi iliyofuata ilitua kulia mno na chini mno, kupita hata pale alipotaka kuirudisha. Akageuza tena kushoto. Moja ikakaa katikati wakashangilia, iliyofuata ikatoroka. Giza lilipoingia, kati ya risasi 60 ambazo mgeni alikuja nazo zilikuwa zimebaki 46, hakuna aliyejua darubini imelandana na nini, na mgeni alikuwa ameanza kufumba macho kabla ya mlio.

Usiku ule mwenzangu aliniomba niichukue bunduki asubuhi.

Maamuzi, na kwa nini tuliyafanya

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kwamba hakuna mtu atakayegusa vifundo vya darubini tena mpaka tujue kinachoyumba ni nini. Vifundo vimetengenezwa kwa ajili ya bunduki inayopiga mahali pamoja, lakini si mahali unapotaka. Kama matundu yanatua huku na huku, ukigeuza kifundo unahamisha fujo nzima kutoka kona moja ya karatasi kwenda nyingine, halafu unapoteza hata ile kumbukumbu ya fujo ilianzia wapi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutenganisha watuhumiwa. Walikuwa wanne: mpigaji, risasi, darubini na vifungo vyake, na bunduki yenyewe na kitako chake. Tuliona haina haja ya kufungua kitu chochote kabla ya kuwaondoa wale ambao kuwachunguza hakuhitaji bisibisi.

*Mpigaji na risasi*

Mgeni alipewa .375 ya kambi, na risasi za kambi. Mikono ilikuwa bado ina woga wa jana, kwa hiyo tulimpa nafasi ya kuvuta kifyatuo mara kadhaa chemba, yaani pale risasi inapokaa, ikiwa tupu, alama ya msalaba ikiwa imetulia juu ya karatasi. Alipotulia alipiga tatu, na tatu zote zilifunikwa na kiganja cha mkono. Mtu anayepiga hivyo hajasahau kazi yake.

Mimi nikaichukua bunduki yake. Kwenye mkanda wa risasi alikuwa amechanganya za aina mbili, zote za greni 300: zenye ncha laini, ambazo hupanuka zikiingia, na ngumu, ambazo hazipanuki na hutumika kwa nyati baada ya pigo la kwanza. Aina hizi mbili aghalabu hazitui mahali pamoja hata kama uzito ni mmoja, na mwenzangu alishuku kwamba jana jioni walikuwa wakizipiga bila kuangalia. Ilikuwa shaka ya maana. Nikapiga laini tatu, kisha ngumu tatu, kila aina kwenye karatasi yake, nikisubiri baina ya risasi na risasi mpaka mtutu ushikike mkononi bila kuunguza.

Laini: mbili juu kushoto, moja chini kulia. Ngumu: moja juu kushoto, mbili chini kulia. Tukazipanga karatasi mbili moja juu ya nyingine dhidi ya jua, na matundu sita yakawa makundi mawili safi, matatu kwa matatu, katikati yake sentimita 11 za karatasi isiyoguswa.

Mzee wetu wa nyayo, ambaye hajawahi kumiliki bunduki, alisogea akaziangalia kwa muda. Akasema, "Hapa waliopiga ni watu wawili."

Sijasikia mtu akilieleza tatizo hili vizuri zaidi. Bunduki iliyochakaa mtutu, au iliyopewa risasi mbovu, hutawanya matundu ovyo. Mpigaji mwoga huyatawanya vilevile, mara nyingi chini na upande mmoja. Bunduki inayotengeneza makundi mawili yaliyobana, yenye uwazi kati yake, inakwambia kuna kitu kina vituo viwili na kinahama kutoka kimoja kwenda kingine kila teke linapopita.

*Kuchungulia mtutuni*

Kilichofuata hakikugharimu risasi hata moja, na ndicho ningependa kila kambi ikifanye. Tuliivua bolti, tukahakikisha chemba na magazini ni tupu, tukailaza bunduki kwenye viroba vya mchanga mpaka ikatulia bila kushikwa. Ukichungulia kutoka nyuma kupitia mtutu unaona duara dogo la mwanga, na ndani yake ile karatasi ya mita 100. Tukasogeza viroba mpaka doa la karatasi likae katikati ya duara. Kisha nikatazama kwenye darubini na kuona alama ya msalaba imekaa wapi.

Halafu nikaweka kidole gumba kwenye ubavu wa darubini upande wa jicho, nikasukuma kushoto, si kwa nguvu, nikaachia. Mwenzangu alichungulia mtutuni: doa bado liko katikati, bunduki haijasogea. Nilipotazama kwenye darubini, msalaba ulikuwa umehamia kulia, karibu kiganja kizima. Nikasukuma kurudi kulia, nao ukarudi ulipokuwa.

Skrubu za pete zote zilikuwa zimekaza. Mgeni mwenyewe alizikagua jana yake, na mwenzangu alizikagua tena usiku kwa taa. Kwa hiyo kilichokuwa kinacheza kilikuwa chini ya pete.

*Chini ya darubini*

Tulipoivua, skrubu ya mbele ya kikalio cha nyuma iligeuka kwa ncha za vidole. Ya pili ilikuwa na mkazo kidogo, wa kutosha tu kukizuia kikalio kisidondoke. Tulipokiinua tulikuta mafuta yanang'aa kwenye matundu ya skrubu, na kwenye mwili wa bunduki palikuwa na doa lililosuguliwa hadi weusi wa chuma umetoka. Aliyeifunga darubini ile, huko ilikofungwa, hakuondoa mafuta kwenye meno ya skrubu kabla ya kukaza. Skrubu yenye mafuta huonekana imekaza, kisha teke baada ya teke huilegeza.

Mgeni hakuamini kwamba kitu kidogo namna ile kingeweza kuhamisha pigo kwa sentimita 11, kwa hiyo tulipiga hesabu naye. Kutoka pete moja hadi nyingine ni sentimita 12. Pete ya nyuma ikisogea sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi ya kuandikia, darubini imepinda kwa moja ya 1,200. Kwa mita 100 upindaji huo ni zaidi ya sentimita nane. Ili kupata sentimita 11 haihitajiki hata sehemu moja ya sita ya milimita ya mchezo. Hata uelekeo ulilingana: nyuma ya darubini ikisogea kushoto na kuinuka, unapoulenga msalaba kwenye shabaha unakuwa umeuelekeza mtutu kushoto na juu, na risasi inakwenda huko.

Tulisafisha meno ya skrubu na matundu yake kwa dawa ya kusafishia breki kutoka kwa fundi wa magari wa kambi. Petroli haifai, huacha utando. Tukaweka tone dogo la gundi ya kushikilia skrubu, ile ya buluu. Nyekundu ni ya vitu usivyotarajia kuvifungua tena bila kuvichoma moto, isikaribie darubini ya mtu. Tukakaza kwa bisibisi yenye kipimo cha mkazo, nyutoni-mita mbili na kidogo kwa vikalio, pungufu kidogo kwa pete. Kisha kwa rangi ya kucha tuliyoazima kwa mke wa mgeni tukachora mstari mwembamba kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye chuma kilicho pembeni yake. Skrubu ikigeuka hata nywele moja, mstari unavunjika na unaonekana kwa macho.

Gundi ile huhitaji saa 24 ili ishike kikamilifu. Hapo palikuwa na mvutano. Siku ya uwindaji ni ghali, mgeni ameilipia, na habari za kundi la nyati karibu na mto zilikuwa zimefika asubuhi ileile. Chaguo zilikuwa tatu: kutoka na bunduki ya mgeni gundi ikiwa mbichi, kutoka na bunduki ya kambi, au kukaa. Mgeni mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Alisema kongoni mmoja anatosha. Siku ile ikatumika kuitibu hofu yake: chemba tupu, bunduki kwenye miti mitatu, kuvuta kifyatuo taratibu huku mtu mwingine akitazama mdomo wa mtutu. Mwanzoni mtutu uliinama kila alipovuta. Kufika jioni ulikuwa umetulia.

*Mabishano ya sentimita tisa*

Kesho yake tulipiga tano kwa mita 100. Makundi mawili yalikuwa yamekwisha. Badala yake tulipata kundi moja, upana wake sentimita tatu tu, lakini urefu wake kutoka juu hadi chini sentimita tisa.

Mwenzangu aliona inatosha, na hoja yake ilikuwa na uzito. Nyati hupigwa kwa mita 60 au 70, mara nyingi karibu zaidi. Kwa umbali huo sentimita tisa zinakuwa tano au sita, na moyo na mapafu ya nyati dume ni shabaha pana kuliko hapo mara kadhaa. Wawindaji wengi wamefanya kazi na bunduki mbaya kuliko ile.

Nilikataa, na naona bado kwamba nilikuwa na sababu. Kama tungejua sentimita tisa zinatoka wapi, tungeweza kuishi nazo. Hatukujua. Tatizo lisilojulikana chanzo halina ahadi kwamba kesho litabaki na ukubwa wa leo. Kikalio nacho kilianza kulegea kidogo siku fulani, na siku hiyo mwenye bunduki aliona kundi lake limepanuka kidogo tu akasema si neno. Isitoshe, kundi jembamba lililorefuka wima halikuwa umbo la bahati mbaya. Mara nyingi huelekeza kwenye kitako, au kwenye kasi za risasi zisizolingana, na risasi hizi zilikuwa za kiwandani za toleo moja.

Tulipitisha noti ya shilingi elfu moja kati ya mtutu na mti wa kitako kuanzia mbele. Ilipita bila kukwama hadi karibu na chemba, kwa hiyo mti haukuwa unaugusa mtutu. Kisha nikaisimamisha bunduki kwa kisigino chake, yaani mwisho wa kitako unaokaa begani, nikashika mahali ambapo ncha ya mbele ya kitako inakutana na mtutu, kidole kimoja juu ya mti na kingine juu ya chuma, na mwenzangu akageuza taratibu skrubu ya mbele ya chini, ile inayoushika mwili wa bunduki ndani ya kitako. Vidole vilihisi chuma kikizama ndani ya mti. Skrubu ilikwenda robo tatu ya mzunguko kabla haijaanza kukataa.

Sababu yake ilikuwa mti wenyewe. Bunduki ile imeishi miaka yote kwenye nchi ya baridi na unyevu. Imeletwa kwenye miombo ya kiangazi, ambako hata meza za kambi hupasuka. Mti ukikauka husinyaa, na ule uliobanwa kati ya mwili wa bunduki juu na chuma cha magazini chini ulipungua unene. Skrubu imebaki na urefu uleule, kwa hiyo mkazo umepotea bila skrubu kugeuka hata kidogo. Hapo rangi ya kucha isingetusaidia: mstari usingevunjika.

Tulikaza ya mbele kwanza, bunduki ikiwa imesimama kwa kisigino ili kizuizi cha teke kikae nyuma kabisa kwenye nafasi yake, kisha ya nyuma, nyutoni-mita nne na nusu. Kitako cha mti kisicho na nguzo za chuma ndani hakivumilii zaidi sana ya hapo. Ukizidisha unauponda mti na baada ya muda unarudi palepale. Pigo lilihama, kama tulivyotarajia. Sasa, kwa mara ya kwanza tangu tuichukue bunduki ile, tukagusa vifundo vya darubini. Marekebisho yakachukua risasi mbili, kisha tukapiga tano: sentimita nne na nusu.

Bado kulikuwa na jambo moja. Mwindaji hapigi risasi tano kutoka mtutu wenye joto, hupiga moja kutoka mtutu wa baridi. Kwa hiyo asubuhi mbili mfululizo, kabla ya chai, mgeni alipiga risasi moja tu kwenye karatasi ileile na kuondoka. Matundu yote mawili yalikuwa ndani ya sentimita tatu kutoka alipolenga.

Matokeo

Mgeni alimpiga nyati dume mzee kwa mita 70 hivi, risasi laini begani na ngumu ya kufuatia. Alianguka karibu sana na pale alipopigiwa, na hakukuwa na cha kufuata. Mwisho wa safari mistari ya rangi ya kucha ilikuwa mizima, na skrubu za kitako zilipojaribiwa kwa kipimo zilikuwa zimepoteza kidogo sana.

Baadaye alituma salamu kwamba fundi wa kwao ametanua matundu ya vikalio na kuweka skrubu za 8-40, zenye unene wa zaidi ya milimita nne. Kwa caliba zenye teke zito ni kazi inayolipa.

Kambi nayo ilibadilisha ukaguzi wa siku ya kwanza. Sasa ni risasi tano kwa mita 100, na kabla ya risasi ya kwanza kabisa, bolti inavuliwa na darubini inasukumwa kwa kidole gumba huku mtu akichungulia mtutuni. Skrubu za kitako cha mti zinakazwa kwa kipimo siku ya kuwasili na tena baada ya siku tatu nne, mti ukishaizoea hali ya hewa.

Uchambuzi

Ukaguzi wa kwanza ulishindwa kwa sababu mbili zilizojumlishana. Kwa mita 50, uwazi wa sentimita 11 unakuwa tano na nusu, na jicho linalotafuta "vizuri vya kutosha" huupokea. Na risasi tatu ni chache mno. Kama kikalio kina vituo viwili na kinachagua kimoja bila mpangilio, uwezekano wa risasi tatu kutua zote upande mmoja ni moja kwa nne. Mtu akirusha sarafu mara tatu ikaangukia upande uleule, hakuna anayeshangaa. Kwa risasi tano uwezekano huo unashuka hadi moja kwa kumi na sita. Risasi mbili za ziada siku ile ya kwanza zingeweza kumwokoa kongoni mateso, na zingegharimu chini sana ya zile zilizopotea jioni ya kufukuzana na vifundo.

Jioni ile ilikuwa na gharama nyingine ambayo watu huisahau. Ilimharibu mpigaji. Mgeni alifika na mkono mzuri, akajilaumu kwa kosa la chuma, na kwa kurudiarudia teke zito bila mafanikio akajifunza kufumba macho. Kufikia usiku tulikuwa na hitilafu tatu ilhali asubuhi zilikuwa mbili. Kubadilishana bunduki, mgeni na ya kambi, mimi na yake, ndiko kulikomrudishia imani, na nadhani kulifaa kuliko mazoezi yote yaliyofuata.

Kauli ya "pete zimekaza" ilikuwa kweli, na ikatupotosha. Ilijibu swali la kifungo kimoja, ikachukuliwa kuwa imejibu swali la mnyororo mzima kutoka kioo cha darubini hadi chuma cha bunduki. Jaribio la kidole gumba lilifaa kwa sababu halikuuliza skrubu gani imelegea. Liliuliza kama darubini na mtutu vinakwenda pamoja, na jibu likaja kabla hatujafungua kitu.

Kubadilisha jambo moja kwa wakati kulitupa faida ambayo haikuonekana mapema. Kama tungekaza vikalio na kitako kwa pamoja asubuhi ile, bunduki ingepona, lakini tusingejua ina maradhi mawili yenye tabia tofauti. La vikalio likishatibiwa kwa usafi na gundi limekwisha. La kitako linarudi kila mti unapohama nchi, na mgeni huyu atakwenda nyumbani kwenye unyevu, mti uvimbe, skrubu zibane kupita kiasi, kisha aje tena kiangazi kingine. Ilibidi ajue.

Lililobaki bila jibu ni kongoni. Risasi ile iliingia nyuma mno. Mnyama alisimama ubavu akitazama kulia, na kituo cha juu kushoto cha bunduki kingeipeleka risasi kuelekea tumboni hasa, kwa mita 130 sentimita 14 hivi mbali na kile kituo kingine. Hesabu inakubali. Lakini mgeni alikuwa amepiga kutoka kwenye miti mitatu, mapigo ya moyo yakiwa juu, kwenye mnyama wake wa kwanza barani Afrika, na hakuna karatasi nyuma ya mnyama ya kutuambia pigo lingetua wapi kama kikalio kingekuwa imara. Kwenye daftari la kambi, mbele ya tukio lile, mwenzangu aliandika "huenda ni darubini", na nilimwomba asilifute neno "huenda".